Kisiwa Kilichonyang'anywa Ndege

Juma lililopita, nilipokuwa natoka studio, mzee mmoja ambaye husikiliza mazungumzo haya kila mara alinisimamisha njiani akaniuliza swali. "Mwanangu," alisema, "hivi nchi ndogo yenye watu wachache inataka shirika la ndege la nini? Si kujitwisha zigo la bure na kujionyesha kwa majirani?" Nilimwahidi kuwa nitamjibu hapa hapa, maana swali lake si dogo na jibu lake si la kutolewa tukiwa tumesimama kando ya barabara.

Kabla sijajibu, nikiri jambo moja. Mimi ni mtoto wa kisiwani. Nimekulia Mafia, enzi ambazo kwenda ng'ambo kulitegemea jahazi, na jahazi likitegemea upepo. Mwaka mmoja, kusi limeshika, shangazi yangu alipatwa na uchungu wa kujifungua na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mganga wa zahanati akasema avushwe haraka. Tulikaa pwani siku mbili tukitazama mawimbi. Siku ya tatu bahari ikatulia, wakavuka. Shangazi alipona, mtoto hakupona. Tangu siku ile, mtu wa bara akiniambia kuwa chombo cha kuvukia ni anasa, hunyamaza kwanza, ndipo nijibu.

Sasa basi, leo nataka kumjibu mzee wangu kwa kisa cha nchi moja ambayo ilikuwa na ndege nyingi kupita kiasi, kisha ikabaki haina hata moja, kisha ikapata tena. Nchi hiyo ni Nauru.

Nauru ni kisiwa kimoja tu katikati ya Bahari ya Pasifiki, kilomita zipatazo 60 kusini ya ikweta. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 21. Barabara inayokizunguka haifiki kilomita 20, kwa hiyo mtu mwenye miguu mizuri akiondoka alfajiri anaweza kukizunguka chote na kurudi alipoanzia kabla ya chakula cha mchana. Watu wake leo ni kama 12,000, idadi ambayo kwetu ni ya kata moja, tena si kata kubwa. Lakini ni jamhuri kamili, ina rais, ina bunge, na ina kiti chake Umoja wa Mataifa.

Jirani wa karibu kabisa ni kisiwa kidogo cha Banaba, sehemu ya nchi ya Kiribati, umbali wa kilomita 300. Mji mkubwa ambao Wanauru huutegemea, Brisbane nchini Australia, uko umbali wa kilomita 3,300 hivi. Ndege ya jeti hukata masafa hayo kwa muda wa saa nne na nusu. Meli ni suala la siku nyingi. Tena kisiwa hakikujaliwa bandari ya asili. Kimezungukwa na mwamba wa matumbawe, na ukitoka nje ya mwamba tu, bahari inashuka kina kirefu mno. Kwa zaidi ya miaka 100 meli zilifungwa kwenye maboya nje ya mwamba, na shehena ikaletwa ufukoni kwa matishari. Bahari ikichafuka, meli inangoja, na kisiwa kinangoja nayo. Gati ya kisasa ya kufungia meli imejengwa katika miaka ya karibuni tu.

Mtu akifahamu hayo, ataelewa kwa nini katika nchi hiyo uwanja wa ndege uko katikati ya maisha ya watu. Uko pwani, wilaya ya Yaren, na jengo la bunge liko ng'ambo ya barabara tu. Njia ya kurukia inazidi kidogo kilomita 2, na hapo imekula sehemu nzuri ya ardhi tambarare ya kisiwa. Barabara ya magari inapita karibu nayo mno, hata ndege ikija kutua magari husimamishwa yaipishe.

Uwanja wenyewe ulianza kwa machozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, Wajapani walikikalia kisiwa wakajenga njia ya ndege za kivita kwa jasho la wenyeji na vibarua walioletwa kwa nguvu. Mwaka 1943 waliwasafirisha Wanauru wapatao 1,200 kwa meli hadi visiwa vya Truk, mbali na kwao, na huko mamia walikufa kwa njaa na maradhi. Waliosalia, mia saba na ushee, walirudishwa nyumbani tarehe 31 Januari 1946. Nauru ilipopata uhuru mwaka 1968, ilichagua siku hiyo hiyo, 31 Januari, ili watu wasisahau walikotoka.

Ulikuwapo utajiri pia. Katikati ya kisiwa kulikuwa na fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, ya hali ya juu kabisa duniani. Uchimbaji ulianza tangu mwaka 1907 chini ya wageni, na kwa miongo mingi fosfeti hiyo ilinenepesha mashamba ya Australia na New Zealand huku wenyeji wakipata makombo. Baada ya uhuru, chini ya Rais wao wa kwanza, Hammer DeRoburt, Wanauru waliununua uchimbaji huo, na kuanzia mwaka 1970 ukawa mikononi mwao. Bei ya fosfeti ilipopanda katika miaka ya 1970, Nauru ikawa miongoni mwa nchi zenye pato kubwa kabisa duniani kwa kila kichwa. Kodi ya mapato hapakuwa. Matibabu bure, elimu bure.

Ni katika neema hiyo shirika la ndege lilipozaliwa. Mwezi Februari 1970, Air Nauru ilianza safari za kwenda Brisbane kwa ndege moja ndogo ya jeti aina ya Falcon 20, iliyotengenezwa Ufaransa, ya aina ile wanayotumia matajiri na wakubwa wa makampuni. Haukuwa mwanzo mbaya. Kisiwa kilikuwa kimengoja meli tangu enzi na enzi; sasa mtu aliweza kunywa chai kwake asubuhi na jioni akawa Australia.

Baada ya hapo zikaja ndege za Fokker F28, kisha Boeing 737, kisha Boeing 727. Na safari zikaongezeka: Melbourne, Auckland, Fiji, Samoa, Nouméa, Honiara, Tarawa, Majuro, Guam, Honolulu, Manila, Taipei, Hong Kong, hata Kagoshima kule Ujapani. Ukitazama ramani ya njia zake za miaka ile, utadhani ni shirika la dola kubwa. Katika miaka ya 1980 ndege zilifikia 7, zote za jeti, wakati wakazi wa kisiwa, raia na wageni kwa pamoja, walikuwa kama 8,000.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo siri ilipo. Ndege 7 za namna ile zina viti mia saba au mia nane. Maana yake ni kwamba mtu mmoja kati ya kila kumi nchini angeweza kuwa angani kwa wakati mmoja. Kwa Tanzania, ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, uwiano huo ungekuwa viti milioni 6. Au tuseme hivi: ndege moja yenye viti 110, ikiondoka kisiwani mara tatu kwa juma, inaweza kumhamisha kila mkazi katika muda wa nusu mwaka. Ndege 7 zingewamaliza wote kwa majuma manne. Na baada ya hapo? Nani angepanda juma la tano?

Jibu la wakuu wa Nauru lilikuwa kwamba wangepanda wageni. Na nia hiyo, wasikilizaji, tusiicheke upesi. Walijua fosfeti ina mwisho. Walitaka kisiwa chao kiwe njia panda ya Pasifiki, mahali ambapo mtu atokaye Ujapani kwenda Fiji, au atokaye visiwa vya Marshall kwenda Australia, atabadilishia ndege. Na kuna watu waliofaidika kweli. Kwa wakazi wa visiwa vingi vya Pasifiki ya kati, Air Nauru ilikuwa njia fupi ya kwenda kusini, na bila yake iliwabidi kuzunguka mbali sana. Nauli zake zilikuwa nafuu, kwani serikali ilikuwa ikizifidia kwa fedha ya fosfeti.

Lakini kumbeba msafiri wa nchi ya watu ni biashara ya ruhusa. Ili ndege yako itue Hong Kong ikachukue abiria, lazima serikali ya huko ikubali, na ukitaka kumpeleka abiria huyo Australia, nako wakubali. Mataifa makubwa yana mashirika yao ya kulinda. Hayampi mtoto wa jirani nafasi mezani kabla ya watoto wao kushiba.

Sasa tuangalie gharama. Ndege si kama daladala. Daladala dereva anaweza kungoja kituoni mpaka gari lijae, konda anaita abiria, na pasipokuwa na abiria gari linalala. Ndege ina saa yake ya kuondoka, na ikiondoka na watu mia au watu kumi, gharama karibu ni ile ile. Fedha ya kulipia ndege yenyewe, iwe ya mkopo au ya kukodi, inadaiwa kila mwezi hata ikiwa imelala chini. Bima haiulizi kama ulipata abiria. Marubani na mafundi wanalipwa mshahara wao. Matengenezo yana ratiba ya lazima: saa kadhaa angani, lazima ifunguliwe na kukaguliwa, miaka kadhaa ikipita, hivyo hivyo hata kama haikuruka sana. Mafuta nayo yanapungua kidogo sana ndege ikiwa tupu, kwa sababu uzito mkubwa ni wa chuma chenyewe.

Na kisiwa cha mbali kina gharama yake ya pekee. Rubani anayekwenda Nauru hana budi kujiuliza: nikifika nikakuta mvua imefunga uwanja, nitakwenda wapi? Banaba hakuna uwanja. Uwanja ulio karibu unaofaa jeti ni Tarawa, kama kilomita 700 zaidi. Kwa hiyo lazima abebe mafuta ya ziada ya kumfikisha huko, au ya kuzunguka hewani kwa muda mrefu mpaka hali itengemae. Mafuta hayo ya akiba ni mazito, na kila kilo ya mafuta inachukua nafasi ya kilo ya mzigo unaolipiwa. Ndiyo kusema kuwa mtu wa kisiwani hulipia hata ile safari ambayo haikufanyika.

Taarifa za miaka ile zinaeleza kuwa ndege za Air Nauru, kwa wastani, ziliruka na kiti kimoja tu chenye mtu kati ya kila vitano. Hasara ilikuwa mamilioni kila mwaka, na kila mwaka ikazibwa kwa fosfeti. Yameandikwa mengi pia juu ya wakubwa waliozigeuza ndege za umma kuwa gari la nyumbani: safari inabadilishwa ghafla kwa sababu kuna mheshimiwa anataka kwenda mahali, na abiria wenye tiketi wanabaki uwanjani na mizigo yao. Shirika la namna hiyo, hata lingekuwa na ndege mpya namna gani, abiria wa kweli hulikimbia. Msafiri anaweza kusamehe chakula kibaya, lakini hasamehi kuachwa.

Mwaka 1988 mambo yakaharibika hadharani. Ulitokea mgogoro na marubani, wakagoma. Nchi jirani zenye kusimamia usalama wa anga zikaondoa idhini, na ndege zikakaa chini kwa miezi kadhaa. Shirika lilirudi angani, lakini halikurudi tena kama lilivyokuwa.

Wakati huo huo kisima kilikuwa kinakauka. Karibu sehemu nne kwa tano za kisiwa zilikuwa zimekwisha chimbwa, zikabaki nguzo za mawe ya chokaa zilizochongoka, mahali pasipolimika wala kujengeka. Na ile akiba iliyowekwa kwa ajili ya wajukuu ilikuwa inayeyuka. Kule Melbourne walikuwa wamejenga jumba la ghorofa 52, lililofunguliwa mwaka 1977. Mwaka 1993 fedha zao ziligharamia mchezo wa muziki jijini London kuhusu mchoraji Leonardo da Vinci, mchezo uliofungwa baada ya majuma machache kwa kukosa watazamaji. Lile jumba nalo liliuzwa mwaka 2004 kulipa madeni.

Ndege nazo zikauzwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 shirika lilifanywa kuwa kampuni ya umma yenye hesabu zake, na usimamizi wa usalama ukakabidhiwa kwa mamlaka ya anga ya Australia. Ilikuwa hatua ya busara, ila ilikuja ghala likiwa limekwisha liwa na panya. Kutoka ndege 7, ikabaki moja: Boeing 737-400.

Shirika lenye ndege moja, wapenzi wasikilizaji, ni kama familia yenye mtungi mmoja. Kila siku unautazama. Ndege ikipelekwa kwenye matengenezo makubwa, nchi nzima inakatika. Kipuri kikiharibika Honiara, watu wa Tarawa na Nauru wanalala njaa ya safari. Na kibaya zaidi, ndege hiyo moja ilikuwa na deni.

Mkopo ulikuwa wa benki ya serikali ya Marekani inayodhamini mauzo ya nje, ile inayowasaidia Wamarekani kuuza bidhaa kama ndege. Nauru ilipolegea kulipa, mdai akaenda mahakamani Australia, akashinda. Mnamo Desemba 2005 ndege ikakamatwa Melbourne.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasingeiacha Nauru, mahali ambapo mdai asingeweza kuifikia? Hapo ndipo unapouona mtego wa kisiwa. Ndege iliyofichwa nyumbani haibebi abiria, haipati mafundi, haiingizi hata senti. Ili iwe na faida lazima iende kwa watu, na kwa watu ndiko mdai aliko.

Basi Nauru ikabaki bila ndege. Si ndege chache, wala ndege mbovu. Hakuna. Kwa muda wa miezi kama kumi nchi ile ikaishi kwa kuomba na kukodi ndege za wenyewe, zilipopatikana. Kumbuka kwamba mgonjwa ambaye hospitali ya kisiwani haimwezi hupelekwa ng'ambo kwa ndege. Dawa inayohitaji baridi huja kwa ndege. Barua, vipuri vya mitambo ya umeme, mboga mbichi, wanafunzi wanaokwenda kusoma, wataalamu wanaokuja kurekebisha yaliyoharibika, wote ni abiria wa chombo kile kile. Wale waliokuwa wakisema Air Nauru ni pambo la wakubwa waliona siku hiyo kuwa chini ya pambo palikuwa na kitu kingine: palikuwa na daraja. Daraja lilikuwa limepakwa dhahabu mpaka likaanguka kwa uzito wa dhahabu, lakini lilikuwa daraja.

Wokovu ulitoka Taiwan. Mwaka 2002 Nauru ilikuwa imevunja uhusiano na Taiwan ikaitambua Beijing. Mwaka 2005 ikarudi tena Taiwan. Taiwan ikasaidia kununua Boeing 737-300 iliyokwisha tumika, na mwezi Oktoba 2006 safari zikaanza upya. Safari hii shirika likapewa jina jipya, Our Airline, yaani Ndege Yetu. Shabaha ilikuwa kwamba na majirani, hasa Kiribati, walione ni lao. Mwaka 2014 likaitwa Nauru Airlines, jina lililo nalo mpaka leo.

Tuseme kweli, msaada wa namna hiyo haukosi kamba, na nchi ndogo huijua thamani ya kura yake Umoja wa Mataifa. Mwezi Januari 2024 Nauru ilimwacha tena Taiwan ikarudi kwa Beijing. Mimi sitaki kuwahukumu. Mwenye shida ya mtumbwi hutazama anayeuza mtumbwi. Ila ni vizuri kujua kuwa nyuma ya tiketi ya ndege ya kisiwa mara nyingi pana mazungumzo ambayo abiria hakuyasikia.

Linavyoendeshwa leo, shirika hilo ni somo. Mwenye mali ni serikali ya Nauru, lakini makao ya kazi yako Brisbane. Ndege zimesajiliwa Australia na zinakaguliwa kwa sheria za Australia. Wako watakaoona hiyo ni aibu. Mimi naona ni akili. Brisbane ndiko waliko mafundi, marubani, vipuri na abiria. Kisiwa cha watu 12,000 hakiwezi kulea mamlaka kamili ya kukagua jeti. Kujifanya kinaweza ndiko kulikoleta aibu ya mwaka 1988.

Pili, hawaotei tena Hong Kong. Wana Boeing 737 chache, aina moja, ili rubani mmoja na fundi mmoja wazijue zote na kipuri kimoja kifae popote. Zinaunganisha Brisbane na Nauru, na kuendelea hadi visiwa kama Tarawa na Majuro.

Tatu, na hili ndilo linalolisha nyumba, siku ambazo kisiwa hakina abiria wa kutosha, ndege haikai bure. Inakodishwa kwa wengine pamoja na marubani na mafundi wake. Iliwahi kurusha safari za kisiwa cha Norfolk, kilicho chini ya Australia, kwa mkataba. Kuna na ndege ya mizigo, isiyo na viti, inayobeba shehena visiwani na kufanya kazi za kukodiwa. Kwa maneno mengine, badala ya fosfeti kuilisha ndege, ndege inatafuta riziki ugenini ili irudi kumvusha mgonjwa nyumbani. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka ya dunia, ndege hiyo iliendelea kuja kwa ratiba iliyopunguzwa, na walioshuka wakatengwa kwanza. Kisiwa kilipata muda wa kuwachanja watu wake kabla ugonjwa haujaenea huko mwaka 2022.

Lakini nisiwapambie. Sehemu ya riziki hiyo ina uchungu. Australia ilianzisha Nauru kituo cha kuwazuia watu walioomba hifadhi, kwanza mwaka 2001 hadi 2008, halafu tena kuanzia 2012. Kituo hicho kiliongeza wasafiri na shehena: maofisa, walinzi, wajenzi, wanasheria, vyakula. Hata waombaji hifadhi wenyewe walipita kwenye uwanja ule ule ambao mababu wa Wanauru waliujenga kwa kulazimishwa. Fedha ni fedha, wanasema. Lakini msafiri aliyechagua safari na yule asiyeichagua hawawi sawa, hata wakikaa viti vilivyoungana. Nchi isiyo na njia nyingi za kupata riziki hujikuta inauza kile ambacho mwenye chaguo asingeuza.

Sasa namrudia mzee wangu. Je, nchi ndogo inahitaji shirika la ndege? Nauru imetujibu kwa njia ya kuumia. Makosa yake hayakuwa kumiliki ndege. Makosa yalikuwa kuhesabu mabawa bila kuhesabu abiria, kuziba hasara kwa mali isiyorudi, na kumpa mkubwa nafasi ya mtu aliyelipa tiketi. Kwa ndege 7, ilikuwa maskini inayojidai. Kwa ndege chache zinazofanya kazi siku zote, imekuwa nchi inayofikika.

Na faida ya chombo kama hicho haionekani yote kwenye daftari la mhasibu. Mhasibu ataandika gharama ya mafuta, ataandika kodi, ataandika viti vilivyobaki wazi. Hana mahali pa kuandika mama aliyefika hospitali kwa wakati. Ndiyo maana barabara na vivuko hatuviulizi vimeleta faida kiasi gani, tunauliza vinamfikisha nani. Ndege ya kisiwa ni kivuko chenye mabawa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, serikali inayotoa ruzuku haina budi kusema wazi ni shilingi ngapi, ni kwa safari ipi, na kwa ajili ya nani. Ruzuku iliyofichwa ndiyo inayogeuka karamu.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukiona nchi ndogo imenunua ndege, usicheke kwanza wala usipige makofi. Uliza maswali matatu tu. Nani anakaa kwenye viti vyake? Inalipiwa na mali gani, inayorudi au isiyorudi? Na siku mkubwa na mgonjwa wakifika uwanjani pamoja na nafasi ni moja, nani anapanda?

Sisi tuliokaa ufukweni siku mbili tukingoja kusi litulie, swali hilo la tatu ndilo tunalolisikiliza jibu lake.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.